Mkwe Aliyekataa Kukaa

Fundi Donatus alikuwa na hotuba moja tu maishani mwake, na aliitoa kila ilipofika siku ya kupokea wageni. Wageni wakishapangwa kwenye benchi la karakana, huyu na magongo yake, yule amebebwa mgongoni na kaka yake tangu Geita, wengine wameinamisha nyuso kama watu walioitwa barazani kwa kosa la wizi, yeye huingia akichechemea, huokota spana, hupandisha suruali mguu wa kushoto na kukigonga chuma chake mara mbili.

"Mnasikia? Hiki hakili, hakinywi, wala hakimsengenyi mtu. Mwaka wa ishirini na mbili kinanibeba, na sijakionea haya hata siku moja. Na ninyi mkipewa vyenu, ole wake nitakayemkuta amekificha!"

Basi watu hucheka, na yule aliyejifunika miguu kwa kanga huanza kuilegeza kanga yake. Ilikuwa hotuba nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba haikuwa ya kweli.

Kituo chenyewe kipo njia ya kwenda Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga. Ni cha hisani. Mtu asiyeweza kutembea hupimwa pale akatengenezewa chuma cha mguu, au mguu wa bandia, au baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, halafu akafundishwa kazi kwa miezi sita: kushona viatu, kuchomelea, kutengeneza simu. Donatus alifika hapo na miaka kumi na miwili, mgongoni kwa mama yake, kwa sababu polio ilimpitia akiwa na miaka mitatu ikamwachia mguu mmoja mzima na mwingine wa jina tu. Alivishwa chuma, akasoma, akajifunza ufundi, hakuondoka tena. Leo Kahama, Segese na Shinyanga yenyewe kuna watu kadhaa wanaotembea kwa kazi ya mikono yake, na wakikutana naye sokoni humpigia makofi.

Ila mganga hajigangi. Siku za kazi alikigonga chuma kwa spana mbele ya watu. Siku za kutoka alivaa suruali pana ya kitambaa iliyofika mpaka kisigino, na akiulizwa na mtu asiyemfahamu mbona anachechemea, alisema aliumia mpirani. Mpira! Mtu ambaye hajawahi kupiga hata danadana moja.

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo. Miaka sita nyuma aliwahi kuposa binti mmoja mjini Kahama, na mama wa yule binti alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayekataa nyanya iliyopondeka, "Mwanangu sikumzaa aje kuwa gongo la mtu." Donatus aliaga kwa adabu akaondoka. Tangu siku hiyo alishonesha suruali zake kwa fundi mmoja tu, naye alijua upana unaotakiwa.

Sasa alikuwa ameposa tena. Mwanamke mwenyewe aliitwa Melania, mpishi katika hoteli ndogo ya chakula pale Nyahanga, mjini Kahama, ulimi wake mkali na mikono yake myepesi. Walifahamiana kituoni. Melania alikwenda kumwombea nafasi kaka yake, Marcel, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu Segese. Kwenye machimbo Marcel alikuwa mtu wa matimba, yaani yeye ndiye aliyefunga magogo ya kuzuia kuta za shimo lisiwaangukie wenzake. Miaka mitatu iliyopita ukuta ulishuka kabla hajamaliza kuufunga. Hospitali ilimkata miguu yote miwili chini ya magoti. Tangu hapo alikaa kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, na hakuvuka ua.

"Fundi," Melania alimwambia siku ya pili tu ya kuonana, "hicho chuma chako kimekaza mno mkanda wa juu. Unakuchubua, naona unavyotembea." Donatus akampenda palepale.

Nafasi ya Marcel ikapatikana. Lakini kituo kina sharti lake: hakimchukui mtu kwa kuletwa na ndugu. Mhusika mwenyewe akubali, kwa mdomo wake, ndipo jina liingie. Na majina yalikuwa yafungwe Ijumaa. Hivyo ikapangwa Donatus aende Segese Jumamosi inayotangulia kwa mambo mawili, kuonana na mama mkwe na kuzungumza na Marcel.

"Nyumbani niwaambie habari ya mguu?" Melania akauliza.

"Usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe."

Kosa lote lilianzia hapo, na Donatus alilijua tangu neno lilipomtoka.

Kabla ya kuendelea ni vizuri msomaji akijue chuma chenyewe. Kina kufuli mbili pale gotini, moja kila upande. Ukisimama zinashuka na kulifunga goti, mguu ukakaa wima kama nguzo. Ukitaka kukaa, sharti uiname, uzivute juu kwa vidole, nazo hulia ta! ta!, ndipo goti likubali kukunjika. Asiyezivuta hakai, isipokuwa kwa kuanguka.

Jumamosi ile Donatus alimwachia fimbo yake ya kutembelea dereva wa bodaboda pale senta ya Segese, akatembea hatua zilizobaki bila kitu cha kuegemea, jasho likimtiririka, Melania pembeni yake. Mama Marcel alikuwa ameufagia ua mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Alikuwa mama mfupi, mchoma maandazi, uso wake ukicheka kabla ya mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Mwadila," akamwamkia tena kwa Kisukuma, "karibu sana. Kaa, kaa upumzike." Akamsogezea kigoda kile kidogo cha Kisukuma, isumbi ya marehemu mumewe, aliyoitoa ndani kwa ajili ya siku hiyo.

Donatus akaitazama isumbi. Ilikuwa chini kabisa. Akaona picha nzima: yeye anainama, vidole vinatafuta gotini juu ya kitambaa, ta! ta!, na yule mama anasikia.

"Ahsante, mama. Nimekaa sana kwenye gari. Acha ninyooke kidogo."

Mama akacheka, akasema haya, safari inachosha. Akaleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Mgeni akala amesimama, sahani mkononi. Sasa huko Usukumani mgeni akila amesimama hajaja kwa heri. Ama amekuja kudai, ama ameona nyumba haimfai. Mama akasogeza isumbi tena, safari hii kwenye kivuli. "Hapa hakuna jua, baba." Akajibu kwamba yu salama hapo hapo alipo. Mara ya tatu mama aliipangusa isumbi kwa upindo wa kanga, akidhani labda ameiona chafu.

Donatus alikuona kule kupangusa. Aibu ilimpanda, lakini mdomo haukufunguka, kwa sababu uongo ukishasimama nao dakika kumi, kukaa kunakuwa kugumu zaidi kuliko mwanzo.

Ndipo Marcel akatoka. Alitembea kwa magoti, yamefungwa vipande vya tairi kwa kamba za mpira, mabega yake bado ya mchimbaji. Akafika hatua mbili kutoka kwa mgeni, akatua chini na kumwamkia. Macho yake yakabaki pale pale yalipokuwa, usawa wa miguu ya watu.

"Mwanangu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na matumaini yasiyofichika, "mwone mwenzio alivyosimama. Huyo ndiye wa kituoni. Msikilize, usijifiche tena humo ndani kama kuku mwenye kideri."

Donatus akasafisha koo. Akaanza ile hotuba yake. Bila spana, na bila chuma. Alisema ulemavu si mwisho wa safari. Alisema wapo waliokuja kituoni wakilia, leo wana mafunzo na kazi zao. Akasema, Mungu amsamehe, "Usione aibu, ndugu yangu."

Marcel alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Wewe unajuaje?"

Melania aliinua uso. Palikuwa na nafasi pale ya kutosha kupita trekta.

"Nimeona wengi," Donatus akajibu.

"Basi nafasi wape hao wengi," Marcel akasema, akageuka, na vile vipande vya tairi vikasugua ua mpaka mlangoni.

Njiani kurudi senta, Melania alikwenda mbele hatua tatu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa sababu alijua mwendo wa mwenzake. Walipofika kwa bodaboda alimchukulia fimbo yake, akampa.

"Mimi sikuonei aibu," akasema. "Unajionea mwenyewe, halafu unaniwekea mimi niibebe. Leo nimemwangalia mama yangu akifuta kigoda kisicho na vumbi." Akapanda bodaboda nyingine, akarudi Nyahanga peke yake.

Wiki ile Donatus alikuwa hovyo. Alitoboa ngozi mahali pasipotakiwa, alimpimia mtu mguu wa kulia akaandika wa kushoto. Kila siku alijisemea kesho nitampigia Marcel, na kila siku akajiuliza nitaanzaje. Ijumaa mkuu wa karakana, Edward, alikuja na karatasi ya majina.

"Na yule wako wa Segese?"

"Amekataa."

"Kwa nini? Dada yake alisema ana hamu, anaogopa tu."

Hapo tena palikuwa na mlango, na Donatus akaupita kama asiyeuona. "Amekataa tu," akasema. Edward akakata jina kwa mstari mmoja, akaandika la binti mmoja wa Geita aliyekuwa akisubiri. Binti alistahili, hilo halina ubishi. Lakini Donatus aliutazama ule mstari akajua amefuta nusu mwaka wa mtu ili suruali yake ibaki pana.

Jumapili akaenda Segese. Alikuwa amejiapiza kuvaa kaptula. Asubuhi aliivaa, akasimama nayo mlangoni, akarudi ndani akaivua. Msomaji asimcheke sana. Woga wa miaka sita hauondoki kwa kaptula moja.

Mama Marcel alikuwa uani, anachambua choroko kwenye ungo. Aliitikia shikamoo yake bila kuinua macho.

"Kiti sikuletei," akasema. "Najua hukai."

Donatus akainama. Vidole vikatafuta gotini juu ya kitambaa. Ta! Ta! Sauti ilikwenda mpaka kwenye paa la bati, au kwake yeye ilionekana hivyo. Akajishusha kwenye udongo mtupu mbele ya ungo, mguu ukamtangulia, akaipandisha suruali mpaka chuma kikaonekana chote.

"Mama, nilikudanganya. Mimi ni mlemavu. Siku ile sikukaa kwa sababu nikikaa chuma kinalia. Niliogopa utanikataa. Isumbi yako ilikuwa safi."

Mama aliuweka ungo chini. Alikitazama chuma, kisha uso wa mwenye chuma, na ule uso wake wa kucheka haukucheka.

"Mguu si kitu, baba. Nina mtoto hana yote miwili, nitaukataa wako? Lakini mimi nilimwambia mwanangu, mwone mwenzio alivyosimama. Nilimchapa kwa mguu wako. Na wewe ulikuwa unanitazama tu."

Hakuna tusi ambalo lingemfikia pale lilipofika neno hilo. Donatus alitaka kuomba radhi, akakuta maneno ya radhi aliyoyaandaa kwenye basi yote ni mepesi.

"Mimi nilijua," sauti ikasema mlangoni. Marcel alikuwa ametoka, kakaa kwenye kizingiti. "Mtu wa chini huona ya chini. Nilipokufikia tu niliona vyuma viwili vinazama kwenye kisigino cha kiatu. Nikakuuliza wewe unajuaje. Nilikupa njia, shemeji."

"Nilisikia."

"Ukaniambia umeona wengi. Nikasema moyoni, huyu anasimama, ana kazi, anamwoa dada yangu, na bado anaona haya mbele ya mama mchoma maandazi. Mimi wa magoti ya tairi, aibu yangu nitaipeleka wapi?" Alisema bila kupandisha sauti. "Nafasi bado ipo?"

Swali hilo Donatus alikuwa akiomba lisije. "Haipo. Ijumaa waliijaza. Niliwaambia umekataa."

"Uliwaambia sababu?"

"Sikuwaambia."

Mama akashika tama. Marcel akatikisa kichwa polepole.

"Kesho asubuhi nitamweleza mkuu wangu yote, na wewe ukitaka nitampigia mbele yako sasa hivi," Donatus akasema. "Kundi jingine linaanza baada ya miezi sita."

"Miezi sita," Marcel akarudia, kama mtu anayejua kwa hesabu urefu wa mwezi mmoja ndani ya chumba. Akasogea kwa magoti mpaka alipo mgeni. "Kivue nikione."

Kukivua mbele ya watu ni jambo jingine kabisa. Donatus alilegeza kamba za kiatu, akafungua mikanda ya ngozi mmoja mmoja, akautoa mguu. Ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa chekechea, mweupe kwa kukosa jua, na alama nyekundu pale mkanda unapobana. Marcel hakuutazama sana. Alikichukua chuma, akakipima uzito kwa mkono, akapitisha kidole kwenye ribiti, ile misumari ya kuungia, akaishusha kufuli, akaipandisha, akaishusha tena. Ilikuwa mikono ya mtu aliyezoea kukagua kitu ambacho uhai wa mwingine umekiegemea.

"Hii ribiti ya chini imelegea," akasema.

"Najua. Sijapata muda."

Hapo zikasikika sauti nje ya ua. "Hodi humu! Mama Marcel!" Ilikuwa sauti ya Mwita, aliyechimba shimo moja na Marcel tangu wakiwa vijana. Kila Jumapili Mwita na wenzake wawili walipita na kilo ya sukari kumjulia hali mgonjwa, na kila Jumapili Marcel aliposikia hodi alikimbilia ndani, na mama akawaambia amelala. Miaka mitatu mtu amelala kila Jumapili, na wenzake kwa adabu wakasadiki.

Marcel alishajigeuza kuelekea mlangoni, mama ameshamshika kwapa amsaidie. Donatus naye aliunyosha mkono haraka.

"Nipe chuma," akanong'ona. "Nipe nivae."

Marcel akasimama pale pale kwenye magoti yake. Aliutazama ule mkono ulionyoshwa. Akarudi akaketi, akakipakata chuma mapajani.

"Sikupi," akasema. "Ukikimbia wewe, na mimi nakimbia. Tukae."

"Hodi!" ikaja mara ya pili.

Mama alibaki amesimama katikati, hajui aseme mtoto amelala au yu macho. Marcel mwenyewe ndiye aliyeitikia. "Karibuni!"

Mwita akaingia na sukari yake mkononi, akasimama ghafla. Wenzake nyuma wakasimama pia. Aliyaona magoti na vile vipande vya tairi.

"Marcel," akasema.

"Mwita."

Mwita, kwa kukosa pa kuyaweka macho, akayaweka kwenye kile chuma kilichopakatwa. "Na hicho cha nani?"

Marcel akamgeukia Donatus, akasubiri. Mama naye akasubiri. Mguu mwembamba wa Donatus ulikuwa umelala juani mbele ya wanaume watatu wa machimbo, na kitambaa cha suruali kilikuwa karibu kabisa na vidole vyake, kuvuta tu. Uso ulimwaka moto. Akasema kitu, lakini kwa sauti ndogo mno, na Mwita akainamisha kichwa kuonyesha hajasikia.

Ikabidi aseme tena.

"Changu. Ni changu mimi."